Hip-hop ya Injili Kitengela: Mistari Ni Mingi, Maandiko Yako Wapi?

Hip-hop ya injili si jambo geni tena nchini Kenya. Hata hivyo, kila inapopigwa kwenye ibada ya vijana, krusedi ya uwanjani au kongamano la shule, hoja zilezile huzuka upya. Mzee wa kanisa anauliza kama biti hiyo inamfaa Mungu. Mama anauliza kama mwanawe anahudumu au anatafuta jina. Vijana nao hawaelewi kwa nini wimbo uwahubirie ilhali walikuja kuchangamka. Katika mji kama Kitengela, ambako kanisa la mabati na studio ndogo ya kurekodi vinaweza kuwa kwenye ploti moja, kila upande unajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Swali linalomezwa na mabishano hayo ni jepesi kulitamka: wimbo ukiisha, msikilizaji ameelewa nini katika Biblia ambacho hakukielewa kabla? Huduma inayosema kazi yake ni kufundisha Maandiko haina kipimo kingine kinachoifaa. Ili kuona kwa nini swali hilo ni gumu kulijibu, sharti tutazame mji wenyewe, asili ya muziki huu, na misimamo inayoshindana.

Mji uliokua kuliko madarasa yake ya Biblia

Sensa ya 2009 iliikuta Kitengela, mji uliokulia kwenye kituo cha biashara cha Noonkopir, ikiwa na watu 58,167. Ile ya 2019 ilipata 154,436. Katika muda huohuo kaunti nzima ya Kajiado ilitoka watu 687,312 na kufika 1,117,840. Ranchi za pamoja za Wamaasai ziligawanywa kuwa mali ya watu binafsi na ardhi ikaanza kuuzwa kwa ploti. Sheria ya 1990 ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje ilizaa EPZ ya Athi River, upande wa pili wa mpaka wa Machakos, na wafanyakazi wake wengi wakatafuta nyumba Kitengela. Wengine wanalala hapa na kufanya kazi Nairobi, wakipanda matatu alfajiri kwenye Barabara ya Namanga.

Hali hiyo imewalea vijana ambao wazazi wao walitoka Ukambani, Kisii, Murang'a, Kakamega na Siaya, na ambao lugha yao ya kwanza ya mzaha na urafiki ni Sheng. Biblia wanayosomewa kanisani mara nyingi ni ya Union, toleo la 1952. Kijana huiheshimu lugha yake, lakini maneno kama "upatanisho" na "kuhesabiwa haki" yanapita juu ya kichwa chake. Darasa la Biblia la jioni ya katikati ya wiki nalo linamkosa mfanyakazi wa zamu, kwa kuwa linaanza akiwa bado kwenye cherehani ya kiwanda. Alicho nacho ni simu mkononi na safari ya kurudi nyumbani. Hapo ndipo rap inapoingia kirahisi, na mchungaji anayeipuuza fursa hiyo anapoteza saa ambazo hatazipata kwingine.

Ukienda kusini takriban kilomita 50 hadi mjini Kajiado, kisha Bissil, sura inabadilika. Kimaa kina nguvu, na uimbaji ambamo olaranyani huongoza na kundi kumwitikia ni urithi unaoishi katika sherehe na ibada. Biblia nzima ipo kwa lugha hiyo. Huduma iliyozaliwa Kitengela ikidhani kwamba Kajiado yote inazungumza Sheng itaenda huko kuimbia spika zake.

Asili mbili za muziki mmoja

Rap ya Kikristo husimuliwa kana kwamba ilishuka yote kutoka Marekani. Ni kweli kwamba huko ina historia ndefu. Stephen Wiley alitoa kanda yake ya Bible Break mwaka wa 1985. Katika miaka ya 1990, kundi la Cross Movement la Philadelphia lilianza kujaza nyimbo mafundisho mazito ya imani. Lebo ya Reach Records iliundwa 2004, na kundi lake la 116 lilichukua namba hiyo kutoka Warumi 1:16. Lecrae, mmoja wa waanzilishi wa lebo hiyo, alishinda Grammy ya albamu bora ya injili mwaka wa 2013 kwa Gravity, na mwaka uliofuata Anomaly ikashika nafasi ya kwanza kwenye chati kuu ya albamu ya Billboard. Kadiri alivyopanda, ndivyo nyimbo zake zilivyotoka kwenye ufafanuzi wa mafundisho na kugeukia maisha ya jamii kwa jumla. Shai Linne wa Philadelphia alishika njia tofauti. Albamu yake ya 2008, The Atonement, ilijikita katika fundisho moja tu, la kazi ya Kristo msalabani.

Hapa kwetu, rapa wa kundi la Kalamashaka la Dandora walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba rap ya Kiswahili inaweza kubeba fikra nzito. Kutoka kwenye jamii ya Ukoo Flani Mau Mau iliyokua kando yao alitokea Juliani, aliyeokoka na kutoa Mtaa Mentality mwaka wa 2008, kisha Pulpit kwa Street. Eko Dydda naye alipeleka injili kwa lugha ya mtaa bila kuomba radhi. Tuzo za Groove, zilizoanza 2004, pamoja na vipindi vya muziki vya Jumapili asubuhi kwenye televisheni, viliwapa wasanii wa injili jukwaa ambalo hawakuwahi kuwa nalo.

Lakini kuna asili ya pili inayosahaulika, nayo ni ya karibu zaidi. Watu wa lugha hii walikuwa wakifundishana dini kwa vina karne nyingi kabla ya rap kuzaliwa. Tafsiri ya Kiswahili ya Hamziya, kasida ya Kiarabu ya kumsifu Mtume Muhammad, huaminika kuwa ya karne ya 17. Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi mwaka wa 1858, ukianza na wajibu wake kwa Mungu. Kwa upande wa Wakristo, Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyeishi kati ya 1917 na 1969, alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi, kisha akaeneza ngonjera kama njia ya kufundisha watu kwa majibizano. Mizani nane kwa mshororo, vina vitatu vinavyofanana na cha nne kinachotiririka hadi mwisho wa utungo: huo ni mtambo wa kumbukumbu. Kijana wa Kitengela anayepanga vina juu ya biti ameingia katika kazi ambayo Mnyampala aliifanya bila spika. Anayemwambia kwamba ameiga Wamarekani tu anamnyima urithi wake.

Misimamo inayoshindana

Wanaoikataa rap kabisa wapo, na hawafai kupuuzwa. Hoja yao ni kwamba mtindo hauji mikono mitupu. Hip-hop imelelewa katika kujigamba na kuwadunisha wapinzani, na msanii anaweza kuokoka huku mkao wake jukwaani ukibaki uleule. Mwishoni mwa 2013, jopo la wahafidhina nchini Marekani liliilaani rap ya Kikristo hadharani, na mmoja wao akaomba radhi baadaye kwa ukali wa maneno yake. Udhaifu wa hoja hii unaonekana katika historia ya makanisa ya Afrika. Ngoma zilizuiwa na wamishonari wengi, hadi kazi kama Missa Luba, misa ya Kongo iliyorekodiwa mwaka wa 1958, ikasikika duniani. Wimbi la Kipentekoste la miaka ya 1970 lilishutumiwa kwa magitaa na makofi ambayo leo hayamshangazi yeyote. Hata hivyo, onyo kuhusu majigambo linabaki na uzito, kwa sababu mtu hawezi kumfundisha mwenzake unyenyekevu wa Wafilipi 2 huku kila ubeti ukimhusu yeye mwenyewe.

Wanaotaka umati ndio wengi. Kwao biti ni chambo: wavutie vijana kwanza, Neno litafuata. Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unawafikia watu ambao hawatakanyaga kanisani, hasa wale wa stendi ya matatu na wa boda boda. Tatizo lake liko katika lile neno "litafuata". Ratiba ya kawaida humpa rapa dakika kumi kabla ya mahubiri, ili ukumbi ujae na damu ichemke. Akishuka, kazi yake imeisha. Hakuna aliyempa andiko la siku, wala hakuna aliyemuuliza kama wimbo wake unakubaliana na mahubiri yanayofuata. Umati uliokuja kwa burudani nao hudai burudani kubwa zaidi mara ijayo, na mwandaaji hujikuta akikodi taa badala ya kutafuta mwalimu.

Msimamo wa tatu unataka rap iwe sauti ya mtaa. Watetezi wake wanawataja manabii Amosi na Mika, na wana haki. Juni 2024, vijana walipoandamana kote nchini dhidi ya Mswada wa Fedha, Kitengela ilikuwa miongoni mwa miji iliyotikisika. Vijana pia waliyauliza makanisa kwa nini yanawapa wanasiasa madhabahu na kupokea fedha zao, na Novemba mwaka huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa hadharani mchango wa Rais kwa parokia moja ya mtaa wa Soweto jijini humo. Huduma ya muziki ambayo haina la kusema katika nyakati kama hizo itaonekana kiziwi. Juliani ni mfano wa jinsi njia hii inavyoweza kufuatwa kwa moyo na akili. Lakini gharama yake nayo iko wazi. Hoja ya siku ikiwa ndiyo inayochagua mada, Biblia inageuka ghala la nukuu za kupamba msimamo ambao mtu alikuwa nao tayari. Amosi hakuanza na mswada. Msingi wake ulikuwa agano ambalo wasikilizaji wake walidai kulishika.

Msimamo wa nne unasema mafundisho kwanza. Hoja yake kubwa inatoka kwenye Biblia yenyewe. Katika Kumbukumbu la Torati 31, Musa anaagizwa kuandika wimbo na kuwafundisha Waisraeli ili uwe shahidi wa Mungu juu yao. Wakolosai 3:16 inaunganisha kuimba na kufundishana. Zaburi 119, yenye aya 176, imepangwa kwa beti 22 zinazofuata herufi za Kiebrania, na wengi wanauona mpangilio huo kuwa msaada kwa mtu anayekariri. Rap inaongeza faida ya nafasi. Kiitikio cha sifa kinaweza kukosa kufikisha maneno 50, ilhali beti tatu za mistari 16, kwa maneno kama kumi kila mstari, zinakaribia maneno 480. Barua nzima kwa Filemoni, yenye aya 25, inaweza kuelezwa ndani ya wimbo mmoja, pamoja na sababu ya Paulo kumwandikia tajiri huyo kuhusu mtumwa wake.

Udhaifu wa msimamo huu nao si mdogo. Kuna nyimbo zinazofundisha sana na hazisikiliziki. Nyingine zimebeba msamiati wa seminari ya Marekani, hata lafudhi, kana kwamba Mungu haelezeki kwa Kiswahili. Kubwa zaidi ni kwamba mwalimu mwenyewe huenda ni kijana wa miaka 20 aliyeokoka juzi. Yakobo 3:1 inawaonya wanaokimbilia ualimu kwamba hukumu yao itakuwa kali zaidi, na 1 Timotheo 3:6 inakataza kumpa mwongofu mpya cheo cha uangalizi. Maiki inampa mamlaka hayo bila mtu yeyote kumwekea mikono.

Nini hasa huivuta huduma nje ya Maandiko

Lawama hutupiwa biti. Kwa maoni yangu biti ni mshtakiwa asiye na hatia kubwa. Fedha ina mvuto mkubwa zaidi. Muda wa studio unalipiwa, prodyuza analipwa, video inalipiwa. Mapato yanatoka kwenye milio ya simu ya Skiza, mialiko, na sadaka ya upendo ambayo haina kiwango. Vyanzo vyote hivyo hutuza wimbo mfupi, wa furaha, usiomkwaza mtu. Wimbo kuhusu toba hauchezwi harusini. Ndiyo maana safari ya wasanii kama Willy Paul na Bahati, waliopata jina kwa injili kisha wakahamia muziki wa mapenzi, haipaswi kusimuliwa kama habari ya udhaifu wa watu wawili. Soko lilikuwa likivuta upande huo muda mrefu, na makanisa yaliyowashangilia hayakuwa yamewapa nanga.

Mvuto wa pili hauonekani kwa urahisi, kwa sababu umo ndani ya ufundi wenyewe. Rap inaishi kwa mstari unaokandamiza, ule unaofanya watu wapige kelele. Msanii anayewinda mstari kama huo katika Biblia atachukua aya moja na kuacha jirani zake. Yeremia 29:11 ni mfano unaojirudia kila mahali. Huimbwa kama ahadi ya gari na kazi mpya, ilhali aya ya 10 inawaambia walewale walioahidiwa kwamba watakaa uhamishoni Babeli miaka 70. Wafilipi 4:13 nayo imekuwa kauli ya ushindi wa michezo, huku Paulo akizungumzia kujifunza kuridhika, awe na njaa au ameshiba. Kijana aliyefundishwa aya hizo kwa vipande hakufundishwa. Amepewa maneno ya kujipa moyo yenye anwani ya Biblia.

Hili si jambo la wasomi peke yao. Mwaka wa 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ya watu waliomfuata mhubiri aliyetumia Biblia. Wafuasi hao hawakukosa aya. Walikosa uwezo wa kusoma sura nzima na kumuuliza mhubiri wao ameitoa wapi tafsiri yake. Mtu anayedhani kwamba kutaja Maandiko mengi kwenye wimbo kunatosha kulinda kundi anapaswa kulifikiria hilo kwa uzito.

Sababu ya tatu ni usimamizi. Huduma nyingi za aina hii huanzishwa na marafiki, si na kanisa. Hakuna anayesoma mashairi kabla hayajarekodiwa. Kosa likishatoka kwenye spika za kanisa zima na kusambaa kwenye simu, kulirekebisha ni kazi ngumu kuliko kulizuia.

Kupima na kuchagua

Nikizipima hoja hizi, mizani inaegemea upande wa mafundisho kwanza, kwa sharti kwamba msimamo huo ukubali kusahihishwa na mingine. Sababu ni rahisi: burudani na uanaharakati vina watu wengi wa kuvitoa, tena kwa ubora ambao huduma ndogo ya Kitengela haitaufikia. Ufafanuzi wa Biblia kwa lugha ya vijana hauna watu. Huduma ikiacha kazi hiyo moja inayokosa wafanyakazi, imeacha sababu ya kuwepo kwake.

Namna ya kuilinda kazi hiyo ni ya kimuundo zaidi kuliko ya hisia. Jambo la kwanza ni kufundisha kitabu kwa kitabu, andiko litangulie na biti ifuate. Yona ina sura nne na aya 48. Nyimbo nne zinaimaliza, na msanii hawezi kuikwepa sura ya mwisho ambako nabii amekasirika kwa sababu Mungu ni mwenye huruma. Utaratibu huo unamwondolea rapa anasa ya kuchagua aya zinazopendeza tu. Pia unawapa wapenda haki ya mtaa kile walichokitafuta, tena kwa msingi imara. Huduma inayopitia vitabu vya Wafalme itafika kwenye 1 Wafalme 21, shamba la mizabibu la Nabothi, na hakuna kaunti nchini inayohitaji sura hiyo kuliko Kajiado, ambako ardhi ya baba imeuzwa, hati zimegombaniwa, na watoto wakajikuta wapangaji kwenye ploti zilizokuwa malisho yao.

Jambo la pili ni jicho la mkubwa. Kila shairi lipitiwe na mtu aliyesomea Biblia, mchungaji au mwalimu, kabla ya kuingia studio. Wasanii wengi wataliona hilo kama udhibiti, na kuna hatari ya kweli kwamba mzee asiyependa rap atatumia kalamu kuua wimbo. Kwa hiyo mhakiki ahukumu mafundisho tu, ufundi awaachie wenye ufundi.

Wimbo pekee pia hautoshi. Katika Nehemia 8, sheria ilisomwa, kisha Walawi wakawafafanulia watu hadi wakaelewa. Rap ni usomaji ule; ufafanuzi unahitaji nusu saa ya Biblia zilizofunguliwa baada ya muziki kuzimwa. Huo ndio wakati baadhi ya watu wataondoka, na huduma sharti ikubali hasara hiyo mapema, kwa sababu ndiyo gharama kubwa ya njia hii. Umati utapungua na mialiko itapungua. Paulo alishona mahema Korintho, kama Matendo 18:3 inavyosimulia, na mwalimu wa hip-hop huenda akalazimika kuwa fundi, karani au mwendesha boda boda siku za wiki ili mkono unaomlisha usimchagulie aya.

Kuhusu lugha, Sheng inafaa Kitengela, lakini inachakaa haraka. Mafundisho yanayotarajiwa kudumu yawekwe kwenye kiitikio cha Kiswahili kinachoeleweka na wote, Sheng ibaki kwenye beti. Kwa Bissil na vijiji vya ndani, afadhali kumtafuta kijana wa Kimaasai na kumpa nafasi ya kuongoza kwa Kimaa, kundi liitikie jinsi linavyojua, hata kama kitakachotoka hakitafanana na hip-hop ya mjini. Anayefundishwa ana haki ya kufundishwa kwa lugha anayootea ndoto zake.

Wachungaji wa Kitengela na Kajiado wana uamuzi mbele yao ambao wasanii hawawezi kuwafanyia. Kabla hawajapitisha spika nyingine katika bajeti ya mwaka ujao, watenge saa moja kila wiki ya mwalimu wa Biblia na vijana hawa, wafungue kitabu kimoja kuanzia sura ya kwanza, na wasiruhusu kalamu iguse karatasi ya mashairi hadi kila mmoja aweze kueleza kwa maneno yake mwenyewe kile ambacho sura hiyo inasema.